Vidole vitatu mkononi: siku saba kwa waganga wa Kitibeti

Siku ya kwanza, Jumamosi. Delhi

Mjomba kabadilishwa vali ya moyo, katoka hospitali salama, na madaktari wanataka akae Delhi siku kumi nyingine kabla ya kupanda ndege. Tumepanga vyumba viwili kwenye jengo ambalo nusu ya wapangaji ni watu wa kwetu: Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Lubumbashi, kila mmoja na mgonjwa wake. Ukishuka ngazi tu unapokewa na "habari za mgonjwa?"

Mimi ni mfamasia, ndiyo maana ukoo ukanichagua kusindikiza. Kazi yangu ni kupanga vidonge, kugombana na bili na kukesha. Siku ya kumi na mbili leo naamka saa tisa za usiku moyo unanidunda kama niliyepasuliwa ni mimi. Asubuhi mkaza mjomba akanitazama akasema: "Mwanangu, nenda zako kokote, urudi Ijumaa. Mgonjwa mmoja ananitosha."

Hiyo kokote nilikuwa nishaichagua. Wiki iliyopita nilikwenda Majnu-ka-tilla, mtaa wa Watibeti ulio kando ya mto Yamuna, kutafuta tambi za supu. Nikapita mbele ya zahanati ndogo. Mezani palikuwa na vibakuli sita vya maonyesho: kungumanga, karafuu, zafarani, iliki, iliki nyeusi zile kubwa, na cha sita vipande vyeupe kama chaki, ambavyo baadaye niliambiwa ni utomvu ulioganda ndani ya mwanzi. Sita hivyo wanaviita "sita bora". Nilisimama pale kama mjinga. Babu yangu alikuwa na duka la dawa Darajani, Unguja, na ukitoa ile chaki, rafu yake ya juu ilikuwa ni hiyo hiyo.

Basi la Dharamshala, mji wa mlimani kilipo chuo chao cha tiba, linaondokea mtaa huo huo, jioni. Mkaza mjomba kanipa mkate wa kumimina alioupika kwenye jiko la umeme la kuazima, na agizo: "Niulizie dawa ya magoti."

Siku ya pili, Jumapili. McLeod Ganj

Zaidi ya kilomita 450, usiku kucha. Mpaka saa nane barabara ilikuwa nzuri. Baada ya hapo kona, kona, kona. Kondakta alikuwa amegawa mifuko ya plastiki mapema, na nilipojua kazi yake nilikuwa nimechelewa kidogo. Yatosha.

Kumekucha, basi limesimama McLeod Ganj, sehemu ya juu ya Dharamshala, ubavuni mwa mlima, mita kama 2,000 juu ya bahari, na mbele yetu ukuta wa Dhauladhar, mawe ya kijivu yenye theluji kidogo vileleni. Baridi yake inaingia kwenye meno. Nimejifunga kikoi shingoni, nikalala mchana wote bila kuota. Jioni nikanywa chai yao ya siagi na chumvi. Ukiichukulia kuwa ni chai utaikasirikia. Ichukulie kuwa ni supu.

Siku ya tatu, Jumatatu. Zahanati

Chuo chao cha tiba, Men-Tsee-Khang, kiko chini kidogo ya mji, jirani na ofisi za serikali ya Watibeti walio uhamishoni. Jina maana yake ni nyumba ya dawa na elimu ya nyota. Cha kwanza kilijengwa Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1916 kwa amri ya Dalai Lama wa 13, kiongozi mkuu wa Watibeti. Dalai Lama wa sasa alipokimbilia India mwaka 1959, watu wake wengi walifuata, na mwaka 1961 chuo kikaanzishwa upya hapa. Aliyepewa kazi hiyo ni Yeshi Dhonden, tabibu aliyekuja kuwa daktari wa Dalai Lama mwenyewe; India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2018, naye akafariki mwaka uliofuata. Tabibu wanamwita amchi. Kwa heshima wanaongeza "la" mwishoni, amchi-la, kama sisi tunavyoshindwa kulitaja jina la mkubwa peke yake.

Nilikuwa nimeambiwa nije na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Nimepanda basi la mtaa nao ndani ya chupa ya maji, mifuko miwili juu yake, mkoba kifuani, na kila aliyeniangalia nilihisi anajua.

Foleni ilikuwa na mtawa mzee anayehesabu tasbihi, familia ya Kihindi kutoka Punjab na kijana wa Kizungu aliyechechemea. Amchi aliyenipokea ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Ukutani picha ya Buddha wa tiba, mwili wa rangi ya buluu, mkononi kashika tawi la arura, tunda ambalo kwao ni mfalme wa dawa zote.

Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mkono akasubiri nimpe wangu. Mwanamume huanzwa na mkono wa kushoto, mwanamke wa kulia. Akaweka vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, chini ya mkunjo wa kiganja, kwa urefu wa pingili moja ya dole gumba. Vidole havigusani. Na havibonyezi sawa: cha kwanza kinagusa ngozi tu, cha pili kinafika kwenye nyama, cha tatu kinashuka mpaka mfupa. Kila kidole kina pande mbili, na kila upande unasikiliza kiungo chake: moyo, utumbo, wengu, tumbo, figo. Kisha mkono wa kulia: mapafu, ini, nyongo, kibofu. Kipimo cha mwendo ni pumzi ya amchi mwenyewe. Mtu mzima wa afya mshipa wake unapiga mara tano kwa pumzi moja ya anayempima. Ndiyo kusema tabibu aliyepandisha ngazi mbio hafai kupima mtu mpaka atulie.

Alikaa na mkono wangu muda mrefu. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta miaka kumi na nne, sikumbuki kumshika mgonjwa mkono hata mara moja.

Akamimina mkojo kwenye bakuli jeupe, akaukoroga kwa kijiti, akainama. Anatazama rangi, mvuke, harufu, na povu: likiwa na mapovu makubwa ni habari nyingine, likiwa dogo na linakimbia ni nyingine, likishikana kama mate ni nyingine. Langu lilikuwa la mapovu makubwa. Akataka ulimi. "Mkavu," akasema. Halafu: "Hulali."

Mfamasia aliye ndani yangu akacheka. Mtu yeyote mwenye macho angeliona hilo mlangoni. Lakini maswali yaliyofuata yalinitoa kicheko. Unakunywa chai ya rangi bila kitu tumboni? Unafanya kazi na njaa? Unazungumza kutwa? Una huzuni au hofu ya mtu? Kitabuni kwao hizo ni sababu za kuchafuka kwa lung, na mimi sikukosa hata moja.

Lung ni upepo. Kwao mwili una nguvu tatu: lung, ambayo ni upepo, tripa, ambayo ni nyongo na joto, na beken, ambayo ni makamasi na ubaridi. Zikiwa sawa mtu ni mzima, moja ikipanda au ikishuka mtu anaugua. Nyuma ya kila moja wanaona ila ya moyo: tamaa nyuma ya upepo, hasira nyuma ya nyongo, ujinga nyuma ya makamasi. Nilitafsiri kichwani, "nina upepo", nikashukuru mkaza mjomba hayupo. Kwetu ukisema mtu ana upepo ataletewa mganga wa kupunga.

Matibabu nayo yana zamu, na zamu hairukwi: kwanza chakula, pili mwenendo, tatu dawa, nne kazi za nje kama kukanda, kuumika na kuchoma. Kwa hiyo kabla ya kidonge nimepewa supu ya mifupa, kitunguu saumu na siagi. Chai ya rangi marufuku. Nikae mahali pa joto, na nikae na watu ninaowapenda tukiongea yasiyo na maana. Hili la mwisho aliliandika kwenye kikaratasi pamoja na mengine, kwa kalamu ile ile, kama dozi.

Nikauliza magoti ya mkaza mjomba. Yanauma zaidi kwenye baridi au kwenye joto? Yanavimba? Yanakuwa mekundu? Sikujua. Niishi naye nyumba moja wiki tatu, nisijue. Akaniambia kwa upole: "Hayo magoti yana mwenyewe, na mwenyewe sijamshika mkono. Tuna tawi Delhi. Mpeleke."

Dirishani nikapewa vifuko vitatu, cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Vidonge ni vidonge kweli, viduara vya kahawia ukubwa wa mbaazi, havikushindiliwa kwa mashine wala kupakwa sukari. Unaviponda au unavitafuna, unateremsha kwa maji ya moto. Cha jioni kinaitwa Agar 35. Nilikiponda kwa kijiko juu ya sahani, harufu ikapanda, na nikawa chumbani kwa mama, nguo zake zimetandazwa juu ya tundu, chetezo chini. Agar ni udi. Udi ule ule tunaofukizia maharusi, Watibeti wanaumeza kutuliza moyo unaokwenda mbio. Ladha yake ni chungu, chungu ya kukunja uso.

Siku ya nne, Jumanne. Mti wa majani 224

Sikulala kama mtoto, nisidanganye. Nimeamka saa kumi badala ya saa tisa. Saa nzima ni saa nzima.

Asubuhi nikaingia makumbusho ya chuo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alinizungusha. Wanasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi, na kitabu chao kikuu, Gyud Zhi, yaani Tantra Nne, chenye sura 156, wanakihifadhi sehemu kubwa kwa moyo. Nilipomwambia kuwa kwetu watoto wanahifadhi msahafu, aliniuliza kwanza tunaanza na umri gani, pili tunapigwa?

Kitabu hicho kinahusishwa zaidi na Yuthok Yonten Gonpo Mdogo, wa karne ya 12. Karne ya 17 mtawala Desi Sangye Gyatso alikiandikia ufafanuzi na kuamuru michoro 79 ya kitambaa ili mwanafunzi aone anachokikariri. Mwaka 1696 alijenga pia chuo cha Chagpori juu ya kilima Lhasa. Kilibomolewa mwaka 1959. Cha jina hilo kipo sasa Darjeeling.

Mchoro mmoja nilisimama mbele yake mpaka miguu ikaniuma. Ni mti. Mizizi 3: mwili ulivyo, utambuzi wa maradhi, na tiba. Mashina 9, matawi 47, majani 224. Kila jani ni jambo moja. Kwenye mzizi wa utambuzi majani yapo 38 tu, na juu ya shina moja matawi ni ulimi na mkojo, shina lingine ni mapigo ya mshipa, la tatu ni maswali. Mwanafunzi alifumba macho akaanza kutaja, jani moja moja, kidole kikicheza hewani. Kule juu kuna maua mawili, afya na umri mrefu, na matunda matatu, dini, mali na raha. Nilipenda kwamba mali imo. Kwenye kilele cha mti wa tiba wameona si aibu kuandika kwamba mtu mzima wa afya anataka pia kuwa na kitu mfukoni.

Kisha akanipa hadithi iliyonifanya niombe kiti. Wanahistoria wa Kitibeti wanasimulia kwamba karne ya 7 mfalme Songtsen Gampo aliita matabibu watatu kutoka pande tatu: mmoja India, mmoja China, mmoja nchi za magharibi. Wa magharibi jina lake Galenos.

Galeni mwenyewe, yule tabibu Mgiriki wa kale, alikuwa amekufa miaka 400 kabla, kwa hiyo aliyefika Lhasa, kama alifika mtu, alibeba jina la mwalimu wake wa mbali. Lakini huyo Galeni ndiye aliyeingia kwa Waarabu, akawa tiba ya Kiyunani, akateremka na majahazi mpaka kwa babu yangu Darajani. Babu hakusoma Kigiriki. Alisema tu kila mwili una damu, balghamu, safura na sauda, na kila ugonjwa ni wa moto au wa baridi, mkavu au wa majimaji. Mkaza mjomba hajui hata hayo, naye akishika goti anasema "baridi yabisi yangu imeamka". Baridi, na kavu. Miaka yote nimeuza dawa ya baridi yabisi nikidhani ni jina tu, kama Jumanne.

Sitaki kuvuta kamba kupita kiasi. Nguvu tatu za Watibeti ni ndugu wa karibu zaidi wa zile za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na elimu ya mshipa ina mkono mkubwa wa Wachina. Ila pale mlimani nilijiona nimekuta shangazi wa mbali ambaye hatukuwahi kuambiwa yupo.

Siku ya tano, Jumatano. Kukandwa, na zebaki

Amchi alinirudisha kwa zamu ya nne, kazi ya nje. Inaitwa hormey, moto wa Kimongolia. Kitambaa cheupe kimefungwa kama kile kifurushi cha viungo tunachokitumbukiza kwenye pilau. Ndani yake kungumanga iliyopondwa na mbegu za jamii ya bizari. Kinachovywa kwenye mafuta ya moto, kinakamuliwa, kinajaribiwa kwanza kwenye mkono wa amchi, halafu kinawekwa katikati ya utosi. Kinanyanyuliwa. Kinarudishwa. Utosini, viganjani, katikati ya kifua. Joto linashuka polepole mpaka nyuma ya macho. Bibi yangu alikuwa akinipaka mafuta utosini nikishikwa na homa, na kwa dakika zile ishirini nilikuwa na miaka sita. Kama kulikuwa na kingine zaidi ya joto, mafuta na mkono wa mtu mzima mwenye subira, sina la kusema. Hicho pekee nilikuwa sijakipata tangu Unguja.

Mchana tukagombana kidogo, mimi na mwenye dirisha la dawa. Wana vidonge vya thamani, rinchen rilbu, vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye hariri ya rangi na uzi. Kimoja kina vitu 70, pamoja na lulu na dhahabu. Unakiponda jioni, unakifunika, unakimeza alfajiri gizani. Vizuri kuvitazama, hilo sibishi. Lakini vingi vina tsotel, zebaki iliyopikwa kwa siku nyingi na madini mengine mpaka ikawa majivu. Wao wanasema kupikwa huko kunaondoa sumu. Mimi nimefundishwa kwamba zebaki haiwi rafiki wa figo kwa kupikwa, na kuna watafiti waliovipima na kukuta zebaki bado imo. Nilimwambia sinunui. Hakukasirika. Akanimiminia maji ya moto kwenye kikombe.

Jambo hili naliandika waziwazi kwa sababu najua ndugu zangu. Mtu akisikia "dawa ya asili kutoka Tibet" atataka boksi zima. India yenyewe iliitambua tiba hii kisheria mwaka 2010, ina vyuo, ina mitihani. Hilo halimaanishi kila kilichomo kwenye hariri kiingie tumboni.

Siku ya sita, Alhamisi

Nimezunguka njia ya ibada inayopita chini ya makazi ya Dalai Lama, pamoja na vikongwe wanaosukuma magurudumu ya sala na mbwa wanaowafuata. Nimelala saa sita bila kukatika. Basi jioni. Safari hii mfuko nimeushika mapema.

Siku ya saba, Ijumaa. Delhi

Sikupumzika. Nimemchukua mkaza mjomba kutoka mlangoni, jirani Mkongo akabaki na mgonjwa, tukaenda tawini kabla ya sala ya Ijumaa.

Daktari wa hapa ni kijana. Akanyoosha mkono, mkaza mjomba akaniangalia mimi kwanza, kisha akavuta mtandio, akampa wa kulia. Vidole vitatu. Kimya. Kwa mara ya kwanza tangu tufike India nilimwona ametulia bila kuangalia saa ya dawa ya mtu.

"Anauliza unaoga maji baridi alfajiri?"

"Mwambie udhu hauna baridi wala moto, una wakati."

Nilitafsiri. Daktari akacheka, akasema wakati abaki nao, maji ayapashe. Asikae kwenye sakafu ya marumaru bila mkeka. Apunguze ndimu na maziwa mgando. Magoti ayakande kwa chumvi ya moto ndani ya kitambaa kila usiku. Kisha, mwisho kabisa, vidonge vya siku kumi. Niliomba orodha ya vilivyomo, nikaisoma yote pale pale, nikauliza kuhusu zebaki. Haimo.

Usiku mkaza mjomba aliponda cha kwanza kwa chini ya kikombe. Harufu ikajaa chumba. "Si karafuu hii?" akasema, "nimekuja mpaka India kununua karafuu?"

Mjomba ana shamba Wete. Amelima karafuu miaka hamsini. Akageuka polepole kitandani, mkono juu ya kidonda. "Na mimi nipe kimoja."

"Mjomba, wewe unakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Majani haya yakikutana nayo hatujui yatafanya nini. Hapana."

"Basi leta ninuse."

Nikampelekea kifuko. Alikifungua, akaingiza pua, akafumba macho, akakaa nacho kama wale wa kule juu wanavyokaa na mkono wa mtu.

"Imo," akasema. "Lakini si ya msimu huu. Hii imelala ghalani, na aliyeianika aliianua kabla haijakauka vizuri."